Mtoto Huyu Hasikii

Ndugu msomaji, kama umepata kulea, basi neno hili limekwisha kukutoka mdomoni. Mtoto ametumwa dukani akapitia kwenye mpira, unasema, "Mtoto huyu hasikii." Umemwita mara tatu hakuitika, unasema vivyo hivyo. Mama yangu alilisema juu yangu, nami nimelisema juu ya mwanangu kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, nyumbani, kwa majirani, na mbele ya mwalimu wake, bila kutambua kwamba nilikuwa nikisema kweli tupu.

Jina lake sitalitaja. Ana miaka 8, yuko darasa la pili, na atakapokuwa mtu mzima atakuwa na haki ya kuisimulia habari hii apendavyo mwenyewe, hasa zile sehemu zinazonihusu mimi.

Tunakaa Kariakoo, katika nyumba ya zamani ya vyumba sita, mojawapo ya zile chache zilizosalia katikati ya maghorofa, kwenye mtaa unaokatiza Barabara ya Msimbazi. Anayeyafahamu maeneo hayo hana haja ya kuelezwa habari ya kelele. Hapo zamani mchuuzi alinadi kwa koo lake mwenyewe, na koo lilichoka; siku hizi hurekodi sauti yake mara moja tu, akaitia katika kipaza sauti cha betri, nacho hakichoki: "Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili," tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Juu ya hapo weka pikipiki, bajaji, mikokoteni inayoomba njia, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kupita Msimbazi mwaka 2016. Sisi wakazi wa huku tunazungumza kwa sauti kubwa bila kujijua. Nikienda kusalimia kwa wakwe zangu Morogoro huulizwa kama nimegombana na mtu. Mahali kama hapo, mtoto anayeuliza "Eti nini?" kila mara hamshangazi mtu yeyote. Sote twauliza "Eti nini?"

Kwa hiyo dalili zilikuwapo, nasi tulizipa maelezo yetu. Alipenda kusikilizia redio karibu kabisa, shavu lake likigusa boksi. Tukasema ni utundu. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Tukasema ni kiburi. Ukizungumza naye anakukodolea macho usoni, wala hayapepesi, hata mke wangu akawa anamkemea kwamba si adabu kumtazama mtu mzima hivyo. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na methali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nikimtolea mojawapo karibu kila jioni.

Kisha likaja daftari la imla. Ilikuwa mwezi wa Machi. Mwalimu alikuwa amesoma maneno 20, na kijana alikuwa amepata 3. Kurasa zilikuwa zimejaa wino mwekundu, na chini kabisa palikuwa na maneno mawili ya mwalimu: "Mtoto hasikii." Nilirudi kazini siku hiyo nimechoka, nikalifungua daftari, nikaona pale palipotakiwa "pesa" ameandika "meza", palipotakiwa "bata" ameandika "pata", na palipotakiwa "kaka" hakuandika kitu, amechora kistari tu. Nikamuuliza, "Huu ndio uandishi?" Hakujibu. Nikauliza tena kwa ukali zaidi. Akasema, "Ndiyo, baba." Nikamchapa.

Naliandika jambo hili kwa sababu kuliacha kungekuwa kukudanganya, ndugu msomaji. Mimi ni mwandishi wa habari, nina stashahada ya kazi hiyo, na mshahara wangu hutokana na kusikiliza watu na kuyaandika waliyoyasema.

Wiki iliyofuata niliitwa shuleni. Shule yenyewe nayo sitaitaja, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika shule yoyote mjini humu. Mwalimu wa darasa ni mama wa makamo, mwenye sauti nyembamba, ambaye kwa siku za kawaida huwa na watoto 96 mbele yake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chake, yeye mwenyewe akasimama.

"Baba, mwanao simwelewi," alisema. "Hesabu za ubaoni anapata zote. Hesabu za kichwa hapati hata moja. Nikisema fungueni kitabu ukurasa fulani, yeye hutazama kwanza mwenzake amefungua wapi. Nikimuuliza umesikia, anajibu ndiyo, kisha anafanya jambo jingine kabisa. Mimi naona ananigomea."

Nilikubaliana naye. Nilimwambia kwamba hata nyumbani ni hivyo hivyo, na kwamba anayo ruhusa yangu ya kumrekebisha. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kama mtu aombaye radhi, kwamba labda mtoto huyu mahali pake si hapa. Labda wapo wenye shule zao maalumu wanaowaelewa watoto wa namna hiyo. Je, nimewahi kufika Buguruni?

Niliondoka pale nikiwa na hasira. Shule ya Viziwi ya Buguruni naijua tangu utoto, imekuwapo tangu mwaka 1974, na basi la kwenda kwa shangazi yangu lilikuwa likitupitisha karibu nayo. Tulikuwa tukiwaona watoto wenye sare wakizungumza kwa mikono, nasi watoto wa ndani ya basi tukiwaiga na kucheka. Leo namsikia mwalimu akimweka mwanangu pamoja na wale tuliowacheka. Nilisema moyoni kwamba mwanangu si bubu, anazungumza tena sana. Aibu ile ilikuwa yangu peke yangu, na shule ya Buguruni haikuwa na kosa lolote.

Hapana budi niseme kidogo juu ya shule hizo, maana wengi wetu hatujui jinsi nchi hii ilivyoanza. Shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa la Anglikana. Ya viziwi ilifuata Tabora mwaka 1963, ikafunguliwa na Kanisa Katoliki. Baadaye ndipo vikaja vitengo ndani ya shule za kawaida, na hapa kwetu vipo viwili ambavyo mkazi wa Kariakoo anaweza kuvifikia kwa miguu. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko inafundisha watoto wasioona, wasioona ambao pia ni viziwi, na wenye ulemavu wa akili, pamoja na watoto wengine wa mtaani. Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Walimu wa kazi hiyo huandaliwa katika Chuo cha Ualimu cha Patandi, kule Tengeru, Arusha. Yote hayo ni mema, na mtoto aliye kiziwi kabisa anastahili shule yenye lugha ya alama na wenzake wa kuzungumza nao. Hilo silibishii hata kidogo.

Lakini mwanangu hakuwa kiziwi kabisa. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa katikati, nao ndio wengi: mtoto anayesikia nusu, anayeona nusu, anayesoma herufi zikimgeukageuka. Mtoto wa namna hiyo hana shule yake maalumu, wala haihitaji. Yuko katika darasa la kawaida, safu ya sita, dirishani, na anaitwa mjinga.

Aliyetuokoa, kwa kuanzia, alikuwa mwalimu mkuu. Aliposikia habari zetu alitoa daftari kuukuu mezani, akaandika jina la kijana, akasema, "Yuko mwalimu wa elimu maalumu anayezunguka mashuleni. Akija nitamwonyesha." Nikauliza atakuja lini. Akacheka kidogo. Tulingoja wiki 7.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini. Nilitazamia kumwona daktari, ama mtu mwenye mashine. Alikuja mama mmoja wa umri wangu, kavaa kitenge, kashika mkoba wa nguo wenye madaftari, ameteremka kwenye daladala pale Msimbazi na kutembea kwa miguu. Ni mwalimu kama walimu wengine. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kadhaa kabla ya kwenda Patandi. Alimwamkia mwalimu mkuu, akamwamkia mwalimu wa darasa, "Shikamoo, dada," kisha akafanya jambo lililonishangaza. Hakuomba kumwona mtoto. Aliomba madaftari yake.

Alikaa kwenye benchi la nje akalisoma lile daftari la imla kwa muda mrefu, mstari kwa mstari, kama mtu anavyosoma barua iliyotoka mbali. Alikuwa akitamka kila neno bila sauti, midomo tu ikicheza. Kisha akaniita.

"Baba, hebu sema 'pesa', lakini usitoe sauti." Nikafanya hivyo, nikijiona mpumbavu. "Sasa sema 'meza'. Midomo yako imefanya nini?"

Ilikuwa imefanya jambo lile lile. Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji, hapo ulipo, mbele ya kioo au mbele ya mkeo. Pesa, meza. Bata, pata. Kwa mtu anayetazama tu, hayo ni neno moja. Na sasa sema "kaka". Midomo haionyeshi kitu, sauti yatoka nyuma kooni, na ndiyo maana mtoto alikuwa amechora kistari. Katika maneno 20 alikuwa amekosa 17, na takriban yote yalikuwa ya namna hizo mbili.

"Huyu haandiki ovyo," alisema mwalimu yule. "Anaandika anachokiona. Tena anajitahidi kuliko darasa zima."

Sikuwa na la kusema. Wino mwekundu ulikuwa pale pale, na maneno ya chini yalikuwa pale pale, "Mtoto hasikii", na sasa yalisomeka kwa maana yake.

Baadaye aliingia darasani, akasimama nyuma kabisa wakati kipindi kinaendelea, akafumba macho. Alisimama hivyo labda dakika 10. Aliniambia kwamba alitaka kujua mwalimu anasikikaje kutoka safu ya sita, na kwamba alichosikia zaidi ni bei ya soksi. Dirisha la upande ule linaangalia barabara, na chini yake hukaa mchuuzi mwenye kipaza sauti.

Kupima kwenyewe kulifanyika katika stoo ya vitabu, kwani hapakuwa na chumba kingine chenye utulivu. Alizungumza kwanza na kijana uso kwa uso, juu ya mpira, na kijana akajibu vizuri kabisa. Kisha akahamia nyuma yake, akaziba mdomo kwa daftari, akataja majina ya wanyama kwa sauti ya kawaida, amwombe arudie. Simba. Mbuzi. Paka. Mtoto alikuwa amekaa kimya, mikono juu ya magoti, akingoja. Hakujua kwamba mtihani umekwisha kuanza.

Mwalimu alisogea upande wa kushoto, karibu kiasi cha hatua moja, na hapo kijana akarudia majina machache. Upande wa kulia hakurudia kitu.

"Sikio lake liliwahi kutoa usaha?" aliniuliza.

Lilitoa, naam. Tangu alipokuwa na miaka 2 lilikuwa likitoa, likikauka, likitoa tena, hasa nyakati za mafua. Tulikuwa tukimtia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kama nilivyotiwa mimi utotoni, na usaha ukikauka tulidhani amepona. Alinisikiliza bila kunilaumu. Alisema kwamba yeye si daktari, hivyo hatatamka ugonjwa, lakini mtoto apelekwe hospitali upesi na asitiwe kitu chochote sikioni. Akaandika barua fupi yenye mambo matatu aliyoyaona. Barua ile ilinipa nguvu. Nilikuwa nimekwisha kwenda na mtoto huyo hospitali mara nyingi kwa homa na kikohozi, na sikuwahi kuuliza juu ya sikio, kwa hiyo hakuna aliyelitazama.

Daktari alikuta ngoma ya sikio la kulia imetoboka, na la kushoto lina majimaji nyuma ya ngoma yake. Tulipewa dawa ya matone, tukafundishwa kulikausha sikio kwa pamba iliyosokotwa, tukaonywa juu ya maji ya kuoga. La kushoto limepata nafuu kubwa. La kulia bado, na huenda akahitaji kupasuliwa atakapokua kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika, na usaha wa masikio usiotibiwa ni mojawapo. Yaani si lazima iwe bahati mbaya. Yaweza kuwa mafuta ya nazi na baba mwenye methali.

Lakini matibabu sicho nilichotaka hasa kukueleza leo. Nilitaka kukueleza habari ya dakika 40 za mapumziko, ambazo mwalimu yule mgeni alizitumia pamoja na mwalimu wa darasa, chini ya mwarobaini, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Mwalimu wetu hakufurahi mwanzoni. Alikuwa ameumia. Alisema, "Dada, mimi nina watoto 96. Nikimtazama huyu mmoja, wale 95 atawatazama nani?" Nilitarajia ajibiwe kwa maneno mengi, kama yale tunayoyasikia kwenye semina. Mgeni alikubali kwa kichwa, akasema idadi hiyo ni kubwa mno na si kosa la mwalimu. Kisha akasema, "Basi tuanze na yale yasiyotaka muda."

Kijana ahamishwe safu ya kwanza, upande usio wa barabara, sikio la kushoto likielekea kwa mwalimu. Mwalimu asiseme huku ameelekea ubao. Aandike kwanza, ageuke, ndipo aseme. Namba ya ukurasa iandikwe ubaoni. Mtoto mwingine akijibu swali kutoka nyuma, mwalimu alirudie jibu lile kwa sauti kabla ya kuendelea. Imla isiwe ya neno moja moja, bali neno liwekwe ndani ya sentensi, kwani "bata anaogelea" haliwezi kuwa "pata anaogelea", na mtoto mwenye akili atachagua sawasawa. Awe na mwenzake mmoja wa kumwonyesha. Na la mwisho, ambalo mimi mwenyewe nimelichukua hadi nyumbani: usimuulize mtoto "Umesikia?" Kila mtoto wa Kiswahili hujibu "Ndiyo," maana kujibu "La" ni utovu wa adabu. Muulize, "Nimesema nini?"

Hayo yote hayakugharimu hata shilingi moja. Hakuna mashine iliyoletwa wala darasa jipya lililojengwa. Mwalimu wa darasa, ambaye ana uzoefu wa miaka mingi kuliko yule aliyemshauri, alikuwa akiyaandika nyuma ya andalio la somo, na alipofika kwenye lile la imla akaacha kuandika akasema, "Kumbe ndiyo maana." Wiki mbili baadaye alinieleza kwamba ile namba ya ukurasa ubaoni imemwondolea kero ya watoto kiasi cha 30 waliokuwa wakiuliza kila siku, wote wenye masikio mazima.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mgeni yule angemchukua kijana kando akamfundisha yeye tu kwa saa moja, kisha akaenda zake. Kijana angefurahi kwa saa moja, kisha angerudi dirishani. Alichofanya ni kumwachia mwalimu ujuzi wake, naye mwalimu yuko pale siku zote tano za wiki.

Basi nikamuuliza, tulipokuwa tukimsindikiza kituoni, ana shule ngapi. Alifungua mkoba akanionyesha orodha: shule 31. Katika hizo kuna watoto wasioona wanaohitaji nukta nundu, wako wenye ulemavu wa akili, wako ambao wazazi wamewaficha nyumbani na hana budi kuwafuata. Akifanikiwa kufika kila shule mara moja kwa muhula, alisema, basi amefanya vizuri.

Majirani zetu wa Kenya walilianza jambo hili kwa mpango mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, wakaweka vituo wilayani ambako mzazi humpeleka mtoto akapimwa, na walimu wa vituo hivyo hutoka kwenda kushauri mashule. Mwaka 1986 wakafungua taasisi yao ya kufundisha walimu wa elimu maalumu jijini Nairobi. Mwaka 1994, mjini Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo imfuate mtoto, si mtoto kuifuata shule. Sisi nasi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na tumekuwa na mikakati ya elimu jumuishi tangu mwaka 2009. Karatasi hazikukosekana. Tulipoazimia elimu ya msingi kwa wote mwaka 1974, na tena elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walijaa madarasani, na ni jambo la kujivunia kwamba walijaa. Lakini kila lango linapofunguliwa, huingia pia mtoto anayesikia nusu, wala hana alama usoni.

Maoni yangu ni haya, na anayeona vingine na aandike. Tumezoea kuzipima juhudi zetu za elimu maalumu kwa kuhesabu shule na vitengo, kwa sababu vitu hivyo huzinduliwa na kupigwa picha. Hata mimi nimepata kuandika habari za uzinduzi wa namna hiyo. Mama mwenye mkoba wa nguo hazinduliwi. Shule ikipungukiwa na mwalimu, yeye ndiye wa kwanza kushikizwa darasa la kawaida, na orodha yake ya shule 31 ikabaki mkobani. Ningependa sisi wazazi, katika mikutano yetu ya shule, pamoja na kuuliza habari ya madawati na vyoo, tuulize pia: mwalimu wa elimu maalumu alifika hapa lini, na atarudi lini? Mimi nimehudhuria mikutano hiyo kwa miaka miwili, na swali hilo sijalisikia. Wala sikuliuliza.

Kijana ameendelea vizuri kiasi. Imla ya juzi alipata 14. Hesabu za kichwa bado zinamchenga pale kelele zinapozidi, na siku ambayo mchuuzi wa soksi hakuja, mwalimu aliniambia, darasa zima lilipata alama nzuri. Jioni moja nilikaa naye barazani, upande wake wa kushoto, nikamwomba msamaha kwa kile kipigo cha mwezi wa Machi. Si desturi yetu, lakini nilifanya hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba hanisikii.

"Nakusikia, baba," alisema. "Ukikasirika, nakusikia."

Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaniomba hela ya juisi ya miwa, nikampa.

Mwalimu mgeni hajarudi bado; anatazamiwa muhula ujao. Lakini nilipopita shuleni Ijumaa iliyopita nilimkuta mwalimu wetu wa darasa amewapanga upya watoto wa safu ya mbele. Pembeni mwa mwanangu amekaa binti mmoja mdogo ambaye, kwa maelezo ya mwalimu, huinamia daftari hadi pua inagusa karatasi, na kwa muda wote huo alikuwa akimdhania mvivu anayesinzia. Amemhamishia mbele, anamwandikia kwa herufi kubwa, na amemwita mama yake. Jina la binti huyo ameliandika nyuma ya daftari la mahudhurio, pamoja na majina ya watoto wengine 4, ili mgeni akifika asipoteze muda wa kuulizia.